Kisanduku cha Mkaguzi

3 Februari

Shangazi,

Kabla hata ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu wa shule. Ile alama ya vyema nyekundu inayowekwa pembeni mwa kila mchoro hapa karakana, kuonyesha kwamba mwenzako ameukagua, mimi najiwekea mwenyewe. Nimenunua penseli nyekundu yangu. Naificha ndani ya soksi.

Haya, sasa salamu. Shikamoo shangazi. Huku nyumbani hatujambo. Mgongo unamsumbua mama akiinama na unamsumbua akisimama, ila akikaa kuwasema watu haumsumbui hata kidogo. Baba bado anatengeneza ile baiskeli sebuleni, na huu ni mwezi wa tatu tunaruka gurudumu kwenda jikoni. Wote wanakusalimu. Kila siku wanasema ulinifanyia jambo kubwa kuniombea kazi katika karakana uliyofanyia kazi miaka ishirini. Ndiyo maana siwezi kuwaambia hili la penseli.

Ilianza hivi. Utaratibu unaujua: hakuna mchoro wa mlango wala dirisha unaokwenda kwa mteja kabla mwenzako wa mezani hajaupitia na kujaza kile kisanduku cha mkaguzi kilicho pembeni. Mwenzangu wa mezani ni yule mzee mrefu, mwembamba, mnayemwita Rula. Mchoro wangu wa kwanza nilimpa kwa mikono miwili. Hakuninong'oneza, shangazi. Alilitangaza kosa kama anatangaza mpira: "Bawaba kulia, kitasa kulia. Huu mlango utafungukia wapi, binti, mbinguni?" Karakana nzima ikacheka. Walizima mashine ya randa ili wa nyuma nao waelezwe. Tangu siku hiyo wananiita Spika, kwa sababu nikiongea sisikiki.

Mchoro wa pili ulirudi mara nne. Mara ya nne kosa lilikuwa kwamba sikuandika mlango unafunguka kwa ndani au kwa nje. Yaani mtu ana siku nzima ya kuishi, anaimaliza kwenye mlango wa stoo. Mchoro wa tatu sikumpa. Nilichora vyema ndani ya duara, kama anavyochora yeye, nikautia kwenye faili la kazi zinazotoka. Mteja hakulalamika. Sasa imefika michoro sita.

Nakuomba hivi: nikutumie nakala kwa posta, unikague wewe. Ukisema ni sawa, basi alama yangu haitakuwa ya uongo, au haitakuwa ya uongo sana. Kwa simu siwezi, unajua mimi kwenye simu nakauka.

Mtoto wa kaka yako.


17 Februari

Wewe mtoto,

Marahaba. Mwambie mama yako akande mgongo kwa maji ya moto na apunguze kuwasema watu, vyote viwili vitamsaidia. Baba yako mwambie baiskeli kama imeshakuwa mtu wa nyumbani aitandikie kitanda. Mimi sijambo. Kuku wangu mwaka huu wameamua kutaga popote wanapotaka, nakanyaga mayai kila asubuhi.

Sasa nieleze. Soksi? Penseli ya mkaguzi ndani ya soksi? Barua yako ilipofika hapo nilitoka nje kwanza, nikazunguka nyumba, ndipo nikarudi.

Kile kisanduku hakikuwekwa kwa ajili ya wajinga. Kiliwekwa kwa sababu jicho lako linasoma ulichotaka kuandika, halisomi ulichoandika. Hata uwe hodari vipi. Mimi nilikagua michoro ya Rula miaka kumi na moja na yeye akakagua yangu, na kila wiki tulichukiana siku mbili. Aliwahi kunirudishia dirisha moja mara saba. Mara ya saba nilimwambia alimeze. Lakini wateja wetu ndio waliorudi, milango haikurudi.

Sitakukagua kwa posta. Mkaguzi anakaa kando yako, anakuuliza unamjibu, anakuuliza tena. Mpelekee Rula. Ana mdomo, ndiyo. Watacheka, ndiyo. Watacheka dakika mbili. Mlango unakaa ukutani miaka thelathini.

Na hiyo penseli itoe kwenye soksi. Samahani kwa mwandiko, kalamu hii haifai.

Shangazi yako.


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Baiskeli sasa ina kiti, lakini haina mnyororo. Mama amekasirika kwa ulichosema kuhusu kuwasema watu, na ametumia jioni nzima kukusema.

Nilikusikia. Nilimsogelea Rula na mchoro mkononi, nakuapia. Alikuwa anamkagua fundi wa madirisha, mtu mwenye watoto watano, akimuuliza kwa sauti kubwa kama vioo vyake vitashikiliwa kwa maombi. Nikageuka nikarudi kwenye kiti changu.

Kwa hiyo usinikasirikie, nimekutumia mchoro uliomo humu ndani. Ni kazi yangu kubwa ya kwanza: mlango wa chumba cha kujifungulia, kwenye zahanati inayoongezwa vyumba. Kitanda cha magurudumu kitapita hapo. Vipimo vyote nimeviandika. Nimeuchora mara tatu hadi vidole vimeota sugu. Unatakiwa utoke mwisho wa mwezi huu.

Uangalie tu, shangazi, mara hii moja.

Mwandiko wako umekuwa mkubwa kama bango la duka. Neno "posta" peke yake limejaza mstari mzima na kupanda juu. Nunua kalamu nyingine.

Mtoto wa kaka yako.


15 Machi

Wewe mtoto,

Marahaba. Nilisema usitume, umetuma. Ukaidi huo ni wa mama yako, upande wetu hatuna.

Mchoro umefika. Mistari imenyooka. Karatasi ni safi, haina madoa.

Kitanda kina upana gani? Umemuuliza mkunga? Huo ndio utakuwa mwanzo wa maswali ya Rula. Mpelekee. Nakuambia kwa mara ya mwisho na nimechoka kusema.

Shangazi yako.


22 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na asante! Nimeisoma barua yako mara tatu. Nilijua utasema mistari imenyooka. Mama anakusalimu, mmeshapatana bila wewe kujua.

Mchoro umetoka leo asubuhi. Niliweka ile alama bila kuangalia nyuma, kwa sababu safari hii kweli umekaguliwa, hata kama si na Rula. Najisikia mwepesi.

Kuhusu kitanda sikuuliza. Kumuuliza mkunga ningelazimika kupiga simu. Lakini mlango ni mpana, hakuna wasiwasi.

Mtoto wa kaka yako.


4 Aprili

Wewe,

Umetoa nini? Nani amekwambia umekaguliwa? Nilikwambia umpelekee Rula. Soma tena barua yangu.

Nijibu haraka.

Shangazi.


27 Aprili

Mtoto wa kaka yangu,

Hujambo? Wazazi hawajambo? Nimekuandikia, hujajibu. Nimemuuliza baba yako, ananieleza habari za mnyororo. Nani amekuuliza habari za mnyororo?

Ule mlango uliishaje? Kama umekasirika kasirika kwa barua, usikasirike kwa kimya. Kimya sijui kukisoma.

Shangazi yako.


14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Baba amepata mnyororo.

Sikukujibu kwa sababu kila nikianza barua nilikuwa naandika habari za baiskeli ukurasa mzima halafu naichana. Leo nasema.

Tundu la mlango ukutani lilikuwa sentimita mia na ishirini. Nilitoa unene wa fremu, sita kulia na sita kushoto, nikapata mia na nane, ambao ndio upana wa mlango wenyewe. Nikaiandika kwenye kikaratasi, "108," peke yake, bila neno la kueleza ni ya nini. Wiki iliyofuata nikaokota kikaratasi, nikadhani hicho ndicho kipimo cha tundu. Nikatoa fremu tena. Tisini na sita. Nilichora mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa tisini na sita, na mara zote tatu ilinipendeza.

Mafundi walipofika na fremu ilikuwa inacheza ukutani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake. Hawakuuliza mtu. Walijaza saruji pande zote mbili, wakapaka rangi, wakaondoka.

Kitanda cha zahanati na vyuma vyake vya pembeni ni sentimita mia na mbili.

Mkunga mwenyewe alikuja karakana. Mwanamke mfupi, ana futi ya kupimia mfukoni, amekunja mchoro wangu kama kiberiti. Alisema mama wa kwanza kuletwa kwenye chumba kipya alikwama mlangoni akiwa juu ya kitanda, uchungu umemkaza, wakamvuta mbele wakamrudisha nyuma, mwishowe akashuka akatembea hatua tisa kwa miguu yake huku ameshikwa mikono. "Hatua tisa," alisema. "Nilizihesabu mimi. Nani hapa aliukagua mlango huu?"

Alikuwa anauliza polepole, si kwa ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama na mtoto ni wazima, usiogope. Lakini aliuliza mara mbili.

Rula akaupokea mchoro. Akauangalia pembeni. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, shangazi, nimeshika ufagio. Akasema: "Alama ni yangu. Sikumbuki kuukagua, lakini alama ni yangu." Akamwomba mkunga radhi. Mkuu wa karakana akaahidi mlango mpya, na mkunga akaondoka.

Mimi nikaenda kufagia vumbi la mbao mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Sasa sikia lililobaki. Rula hatangazi tena. Anakagua mchoro, anaurudisha mezani, anauchukua tena. Amenunua miwani. Juzi nilimsikia anamwambia mkuu kwamba macho yake yamemwacha bila kumuaga, kwamba tisini na sita mtu mzima hawezi kuikosa, na mwisho wa mwezi wa sita ataomba aondolewe kwenye ukaguzi. Karakana yote kimya. Hakuna anayecheka. Kumbe nilikuwa nakitamani kimya hiki, na sasa nimekipata sikitaki.

Na wewe, shangazi. Uliuona mchoro. Ulinambia mistari imenyooka. Tisini na sita iliandikwa kwa wino, kubwa, katikati ya karatasi. Miaka ishirini umefanya kazi hii. Uliangalia nini?

Mtoto wa kaka yako.


26 Mei

Mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Huu si mwandiko wangu, utaona. Ni wa jirani yangu mshonaji. Mimi nasema, yeye anaandika.

Umeuliza niliangalia nini. Sikuangalia kitu. Nilishika karatasi yako dirishani na kuona weupe, na katikati ya weupe kitu kama moshi. Ni mwaka wa pili sasa. Barua zako zote amenisomea yeye. Za kwangu nilikuwa naandika mwenyewe kwa kupapasa ukingo wa karatasi, ndiyo maana neno moja lilijaza mstari. Kalamu haina kosa.

Nilimuuliza jirani, mistari imenyooka? Akasema imenyooka. Karatasi ni safi? Akasema ni safi. Hayo ndiyo niliyokuandikia. Namba hakunisomea kwa sababu sikumuuliza, na sikumuuliza kwa sababu ningemuuliza angejua kwamba sioni hata namba. Alikuwa anadhani ni maandishi madogo tu yananishinda.

(Mimi mshonaji naongeza kwa niaba yangu: nilijua tangu mwaka jana. Alinisifia gauni la bluu, nilikuwa nimevaa la njano.)

Amenisomea alichoongeza. Nimemwambia akome, lakini aendelee kuandika.

Sikukwambia kwa sababu uliniandikia kana kwamba mimi bado ni yule wa meza ya dirishani pale karakana. Hakuna mtu aliyeniomba kukagua kitu tangu niache kazi. Nilitaka kukataa bila kusema kwa nini nakataa, na mtu akikataa hivyo anakuwa kama hajakataa. Wewe ulikuwa mkaguzi wa uongo kwa penseli, mimi kwa barua. Tofauti ni soksi.

Sasa fikiria. Wewe na mimi tunajua macho ya nani yameharibika, na si ya Rula. Yule mtu anapima hatua zake kwa sababu yako na yangu. Leo au kesho umwambie. Ukishindwa kusema, andika. Ukishindwa kuandika, nitapanda gari nije nimwambie mwenyewe, na nikianguka njiani utaeleza kwa baba yako.

Shangazi yako.


12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Shikamoo na jirani. Nyumbani hatujambo. Baiskeli imetoka sebuleni. Baba aliipanda hadi kona, ikakatika breki, imerudi sebuleni.

Nilikukasirikia siku mbili, kama wewe na Rula zamani. Nilisema hivi: nimemwandikia siri ambayo sijamwambia mtu, kumbe imesomwa kwa sauti na mshonaji. Siku ya tatu nikaanza kuhesabu mayai uliyoyakanyaga, na hasira ikaisha.

Nilimwambia. Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, niliitoa penseli kwenye soksi nikaiweka mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, lakini yalitoka haya tu: "Ile alama ya mlango wa zahanati niliiweka mimi. Mzee, macho yako ni mazima."

Nilitaka atangaze. Nilitaka aite karakana nzima, wazime kila kitu, wacheke hadi jioni. Aliivua ile miwani akaifutafuta, akaiweka karibu na penseli. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mwezi mzima nashuka ngazi kwa kushika ukuta, Spika. Mwezi mzima."

Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa karakana. Hakunifukuza, na nadhani ni kwa sababu Rula aliingia baada yangu na kutoka amenuna. Kwa miezi mitatu mchoro wangu hautoki bila wakaguzi wawili. Ile michoro sita ya zamani nimeirudia yote mbele ya Rula, mmoja mmoja, na wa tano ulikuwa na dirisha linalofungukia kwenye bomba la maji. Mteja ameandikiwa. Barua hiyo nimeiandika mimi, nikaisaini.

Kisha nikaenda zahanati kwa miguu, nikabisha hodi. Nilimwambia mkunga ni mimi niliyechora. Aliniangalia kuanzia juu hadi viatu, akanipa futi yake, akasema, "Pima." Nilipima tundu, kitanda, na vyuma vya kitanda. Nikaandika kila namba na jina lake. Akanisimamisha kwenye ule mlango mwembamba akanifanya nitembee hatua tisa. Nilitembea.

Mchoro mpya nilimpa Rula. Ulirudi mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza polepole. Mara ya pili kidogo kwa sauti. Mara ya tatu ilikuwa kitu kidogo tu, sikuonyesha kitasa kiko urefu gani kutoka chini, na akasimama kabisa: "Wakunga wa zahanati hii wafungue mlango kwa magoti?" Mashine ya randa ikazimwa. Walicheka wote. Masikio yalinichoma moto, nikatamani kuingia chini ya meza, na wakati huohuo nilitaka kulia kwa furaha. Anaudhi, yule mtu. Anaudhi kupita kiasi. Mlango umewekwa Alhamisi, na kitanda kinapita.

Halafu Ijumaa akasukuma mchoro wake kuelekea kwangu. Wa kwake, shangazi. Kabati la jikoni, milango minne. Juu yake akaweka penseli nyekundu, ile ya soksi. Akasema, "Kagua."

Nilikagua saa nzima. Niliuliza kila namba ni ya nini, hadi akaanza kugonga vidole. Kwenye mlango wa tatu nikaona: bawaba kulia, kitasa kulia.

Karakana ilikuwa imejaa. Mashine zilikuwa zinanguruma na sauti ninayo, nimeshajua ninayo. Nilimwangalia. Naye akaangalia nilipoweka kidole, akafunga macho kidogo. Kisha akafuta, akachora upya, akaninong'oneza: "Hili lisitoke mezani hapa." Nikaweka vyema ndani ya duara.

Mimi nalitoa, lakini kwako tu, kwa sababu wewe ndiye uliyemkagua miaka kumi na moja na nilijua utacheka. Tarehe ishirini na nane nitakuja. Nimeomba siku nne. Tutakwenda wote hospitali ya macho, na ukiniambia huna haja nitamwambia baba aje na baiskeli.

Hili la kabati la Rula, shangazi, lisifike kwa mtu. Na wewe jirani unayesoma barua hii kwa sauti, najua umesikia yote tangu ile soksi. Hapo kwenye bawaba naomba usome polepole, ufunge dirisha kwanza, na ukimaliza ufanye kama mimi zamani: usisikike.

Mtoto wa kaka yako.